Yule wa Kijani Karura Si Kasuku

Kila ninapotembeza watu kwenye msitu wa Karura, hapa Nairobi, lazima mmoja anishike mkono na kuninong'oneza: "Ona, kasuku!" Namwelewa. Ndege wa kijani ametulia kwenye majani, halafu anaruka na mabawa yanawaka mekundu. Lakini huyo ni shorobo wa Hartlaub, Tauraco hartlaubi, na ukoo wake ni mwingine kabisa.

Mtazame kwa darubini. Kishungi ni buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Jicho limezungukwa na pete nyekundu, mbele yake pana doa jeupe, na chini yake mstari mweupe. Sasa subiri asogee. Anakimbia juu ya tawi la mugumo, yaani mtini wa porini, kama kindi, anadunda hadi tawi la pili, ananyoosha shingo, anameza tunda zima. Kinachomwezesha ni kidole cha nje cha mguu, ambacho hukigeuza mbele au nyuma apendavyo.

Miguu hiyo iliwafanya wataalamu wa zamani wawaweke shorobo kundi moja na kekeo. Leo wana oda yao wenyewe, yaani kundi kubwa la uainishaji, Musophagiformes, na wote wanaishi Afrika tu, kusini mwa Sahara. Jina hilo maana yake ni wala ndizi, ingawa ndizi si chakula chao cha kawaida.

Rangi yao ndiyo hunishangaza hadi leo. Kasuku ni kijani kwa sababu ya rangi ya njano pamoja na jinsi unyoya unavyotawanya mwanga. Shorobo ana rangi ya kijani yenyewe ndani ya unyoya, na ule wekundu wa bawa ni turasini, ambayo ina madini ya shaba. Mwingereza Arthur Church aliieleza mwaka 1869.

Makazi yake ni misitu ya nyanda za juu za Kenya, kaskazini mwa Tanzania na mashariki mwa Uganda. Hapa Nairobi utamkuta pia msitu wa Ngong na kwenye bustani za mtaa wa Karen zenye miti mikongwe. Mabawa yake ni mafupi, ya mviringo. Hupita mti hadi mti, na uwanja mtupu haupendi.

Mtaani kwetu palikuwa na mugumo mmoja, ukakatwa ili magari yapate maegesho. Jozi moja ilikuwa ikiupitia kila alfajiri, ikikoroma kwa ile sauti yao ya kukwaruza. Bado naamka saa kumi na mbili na kufungua dirisha, na sijawasikia tena.