Ukinusa karafuu maiti, toa mpini

Wembe wa kukunja ukifika mezani kwangu, hasa wa Solingen, mji wa visu na nyembe huko Ujerumani, wa miaka ya 1920 au 1930, huanza kwa kuunusa. Nasugua mpini kwa ndani na kipande cha msasa, halafu napeleka puani. Ukinuka karafuu maiti, basi ni seluloidi, plastiki ya kale ya nitroselulosi iliyochanganywa na karafuu maiti yenyewe, ikatiwa rangi ifanane na pembe ya ndovu au gamba la ng'amba.

Ikiwa bado nzima haina neno. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma. Utaijua kwa kutu: imetanda pale tu wembe unapolala ndani ya mpini, ilhali mkia unaochomoza nje unang'aa. Hapo hakuna tiba. Mpini unatoka, na tafadhali usiuchome jikoni, maana hulipuka moto mara moja.

Badala yake nini? Wengi hutaka mpingo, na siwalaumu. Mti wetu, mweusi tititi, mzito hadi unazama majini, Ulaya wanautengenezea klarineti. Ila uzito huo huo ndio mtego. Wembe wa Solingen wenye mashavu yaliyochimbwa, yaani bapa lililonolewa likabonyea pande zote mbili, ni mwepesi sana. Ukiuvika mpingo wa milimita 4 kila ubavu, mkono unavutwa nyuma. Niliwahi kufanya hivyo. Kinyozi mwenye wembe aliurudisha baada ya wiki: "Fundi, umenipa nyundo." Nikapunguza hadi milimita 2.5, ukatulia. Wembe mnene wa Sheffield, Uingereza, wa karne ya 19 ndio unaoubeba mpingo vizuri. Na mpingo mbichi usiuguse. Hukauka taratibu mno, na mpini ukipinda kidogo tu, makali yatagonga ubavu kila ukifunga.

Mimi napenda pembe ya ng'ombe, kama mafundi wa zamani wa Sheffield. Machinjioni naipata kwa bei ya soda. Ikipinda naitia maji ya moto, naibana katikati ya mbao mbili hadi kesho yake. Inataka mafuta mara kwa mara, la sivyo hupasuka kwenye tundu la ribiti, ule msumari mdogo unaoshika mbavu za mpini, na wapo wadudu wanaoitafuna. Mteja wa kuacha wembe bafuni umelowa simpi pembe wala mti. Nampa plastiki ya akriliki, na moyo unaniuma.

Pembe ya ndovu sitafuti. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989. Wembe ukija na mpini wake wa asili wa pembe hiyo, mzima, nausafisha tu.

Kuna kitu wengi hukisahau: kabari ndogo ya kwenye kitako cha mpini, katikati ya mbavu mbili. Zamani waliweka madini ya risasi. Mimi naweka shaba. Ichonge ipungue unene kuelekea mbele, ili mbavu zijibane kama upinde. Kisha ribiti ya milimita 1.6, nyundo ndogo, gonga kidogo, funga, tazama, gonga tena. Wembe ukilala katikati bila kugusa upande wowote, weka nyundo chini.