Yesu Aling'ara, Hakugeuka Mtu Mwingine

Kwenye semina ya wanajumuiya katika kigango kimoja nje kidogo ya jiji la Dodoma, mama mmoja alinyoosha mkono. "Padre, kwenye rozari tunasali kwamba Yesu anageuka sura. Sasa kabla ya hapo alikuwa na sura ya nani?" Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu alikuwa amegusa penyewe. Kwetu ukisema fulani kageuka sura, una maana kakasirika, au ugonjwa umemmaliza. Na kwa wazee wa upande wa Singida, mtu wa "kugeuka" anaamsha simulizi za watu simba, waliosemekana kugeuka simba.

Ndiyo maana, kwa sikukuu ya Kugeuka Sura ya tarehe 6 Agosti, napendelea jina lake la pili: Kung'ara kwa Bwana. Siku hiyo tunakumbuka jinsi Yesu alivyong'ara mlimani mbele ya wanafunzi watatu, Musa na Eliya wakitokea pamoja naye. Mlimani Yesu hakuvaa kitu asichokuwa nacho. Utukufu wa Mwana wa Mungu ulikuwa wake tangu Bethlehemu. Kwa kitambo kidogo tu aliuacha uonekane. Marko, ambaye hapambi maneno, analieleza kwa lugha ya kufua: mavazi yake yalikuwa meupe kuliko dobi yeyote duniani awezavyo kuyang'arisha. Aliyewahi kuanika shuka nyeupe Dodoma mwezi wa nane, vumbi likipita, hahitaji ufafanuzi.

Lakini kwa nini wakati ule? Rudi nyuma sura moja katika Mathayo. Yesu ameanza kuwaambia wanafunzi kwamba atateswa na kuuawa Yerusalemu. Petro anamvuta pembeni amkemee, naye anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Ni Petro huyohuyo, na kidonda bado kibichi, anayepandishwa mlimani pamoja na Yakobo na Yohane. Luka anaongeza jambo ambalo wahubiri wengi tunaliruka: Musa na Eliya walikuwa wakizungumza na Yesu juu ya kifo chake. Neno la Kigiriki alilotumia Luka ni *exodos*, jina lilelile la kitabu cha Kutoka. Kwa hiyo katikati ya mwanga wote ule, mazungumzo yalikuwa ya Msalaba, na Msalaba wenyewe ukitajwa kama safari ya ukombozi.

Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, alifundisha kwamba lengo kuu lilikuwa kuondoa mioyoni mwa wanafunzi kwazo la Msalaba. Ndiyo sababu Injili hii husomwa pia Dominika ya pili ya Kwaresima. Nasi wa Dodoma, ambao Kanisa Kuu letu lina jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa shirika la watawa Wapasionisti, tusingepaswa kuona ugeni katika hilo.

Petro alitaka kujenga vibanda vitatu pale mlimani, kwa Yesu, Musa na Eliya. Namwelewa. Baada ya mafungo mazuri au mkesha wenye machozi ya furaha, nani anatamani kurudi kwenye deni la dukani na mgonjwa wa nyumbani? Hakujibiwa habari ya vibanda. Wingu liliwafunika, sauti ikasema, "Msikieni yeye," na walipoinua macho hawakumwona mtu ila Yesu peke yake, mwenye uso ule waliouzoea. Wakashuka naye. Watatu haohao ndio waliosinzia baadaye Getsemane, kwa hiyo tusidhani kuona mwanga kunamfanya mtu asichoke. Ila barua ya pili ya Petro, sura ya kwanza, inaonyesha kwamba ile sauti haikumtoka masikioni.

Jambo moja la pembeni. Makanisa ya Mashariki yana desturi ya kubariki zabibu siku ya sikukuu hii. Zabibu! Huku kwetu msimu wa pili wa mavuno huanguka Agosti na Septemba, na Hombolo au Bihawana vichala viko shambani. Kitabu cha Baraka cha Kanisa kina ibada ya kubariki mazao mapya. Mwenye shamba anaweza kuongea na paroko wake, abebe kichala kimoja kwenye Misa ya tarehe 6.