Lami peke yake haileti watalii, jamani

Juzi tena kwenye kikao cha watu wa mahoteli mtu kasimama akasema daraja la Kigongo - Busisi hapa Mwanza limeisha, sasa ni kusubiri watalii tu, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nimezungusha wageni kanda hii ya ziwa miaka kumi na kitu, maneno hayo nimeyasikia mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika.

Angalieni barabara ya Mwanza - Musoma. Lami ipo miaka mingi na inapita kabisa mbele ya geti la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti, kilomita kama 140 kutoka mjini. Ukitoka Mwanza saa kumi na moja alfajiri, saa moja na nusu unajaza fomu getini. Sasa kama lami ndo ingekuwa inaleta wageni, si tungeshaipita Arusha zamani? Lakini wengi bado wanaingilia Arusha, na kule lami inaishia geti la Ngorongoro, kuanzia hapo ni vumbi na kutikisika mpaka Serengeti.

Mgeni hanunui barabara, ananunua siku. Akitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, anakuta Tarangire, Manyara na Ngorongoro zimejipanga njiani, kila usiku una pa kulala, na magari, wapishi na madereva wote wanaishi kulekule. Halafu kuna kitu hakisemwi kwenye vikao: gari la Arusha likimshusha mgeni Mwanza linarudi tupu, na mafuta ya kurudi anayalipa huyohuyo mgeni. Hapo ndo safari nyingi za kuishia kwetu zinakufa, kwenye bei, na lami haina dawa ya hilo.

Sasa daraja. Daraja la JP Magufuli lilifunguliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 za Kigongo - Busisi, na mimi nalipenda kwa moyo wote. Ila watu wanashangilia mwendo wakati kilichobadilika ni uhakika. Enzi za kivuko kuvuka kwenyewe haikuwa shida, shida ilikuwa foleni, leo unavuka haraka kesho unakaa masaa, na boti ya kwenda Rubondo, kisiwa cha hifadhi huko ziwani, ni vizuri uipande asubuhi kabla upepo haujalichafua ziwa. Kwa hiyo nilikuwa nawalaza wageni Geita ili nisikosee. Sasa hivi natoka Mwanza alfajiri, saa tatu niko Nkome, tunapanda boti, jioni wageni wanamsubiri nzohe, yule swala wa kwenye matope, kisiwani.

Umeona kilichotokea? Ule usiku wa Geita umekufa. Miundombinu inahamisha usiku wa mgeni, inautoa mji huu inaupeleka mji ule, na saa nyingine inaufuta kabisa, mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hapa hata mimi nina shaka na kazi yangu, maana Rubondo ya siku mbili naiuza kirahisi kuliko ya siku tatu, lakini nikijumlisha usiku wote waliolala kanda ya ziwa sina uhakika kama tumepata au tumepoteza.

Na Saanane je? Hifadhi ya taifa iko hapohapo mjini, boti dakika chache tu kutoka Capri Point, haihitaji barabara yoyote, na bado kuna watu wamezaliwa Mwanza hawajawahi kuikanyaga.

Pale Kigongo kulikuwa na mama anauza sato wa kukaanga kwenye beseni amefunika na gazeti, wageni wangu walikuwa wanashuka kwenye foleni wanakula wamesimama, wanapiga picha, wanauliza yule samaki ni wa aina gani. Siku hizi magari yanapita juu dakika chache, vioo vimefungwa. Mwezi uliopita nimemkuta Usagara njia panda, kaweka meza kando ya lami. Sasa kila safari nasimama pale nusu saa, na nimeiandika kabisa kwenye ratiba.