Alama za juu, cheti ukutani: dhana potofu kuhusu kampuni "endelevu"

Dhana: Kampuni yenye alama za juu za uendelevu haichafui mazingira.

Septemba 2015 Volkswagen ilitangazwa kinara wa sekta ya magari katika fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones, yaani orodha ya kampuni zinazohesabiwa kuongoza kwa uendelevu. Mwezi huohuo mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaanika kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa programu ya kuchakachua vipimo vya moshi. Barabarani yalitoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Oktoba kampuni ikaondolewa kwenye fahirisi.

Watoa alama, yaani wakala wanaozipima kampuni, hutegemea sana maelezo ya kampuni yenyewe. Tena, alama nyingi wanazotumia wawekezaji hupima jinsi mazingira yanavyoweza kuitia kampuni hasara, si jinsi kampuni inavyoyatia mazingira hasara. Hayo ni maswali mawili, na kampuni moja inaweza kufaulu la kwanza ikaanguka la pili. Wala wapimaji hawakubaliani: wachumi waliolinganisha alama za wakala sita walikuta uwiano wa wastani wa 0.54 tu (1 ingekuwa kukubaliana kabisa), kiasi kwamba kampuni inayosifiwa huku yaweza kuwa ya mkiani kule.

Dhana: Ripoti ikisema "tumepunguza asilimia 30", basi uchafuzi umepungua.

Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Soma maneno yanayofuata, kwa kawaida ya herufi ndogo: "kwa kila bidhaa". Chukua kiwanda kilichotoa kilo 2 za hewa ukaa kwa kila bidhaa na kuzalisha bidhaa milioni moja: jumla tani 2,000. Sasa kinatoa kilo 1.4, lakini kinazalisha milioni mbili. Jumla ni tani 2,800. Asilimia 30 ni ya kweli kabisa, na hewa imechafuka zaidi kwa asilimia 40. Tafuta jumla ya tani, kisha uangalie mwaka wa kulinganishia. Ukiteuliwa mwaka ambao uchafuzi ulipanda kuliko kawaida, hata kurudi pale pa zamani kutaonekana ushindi.

Dhana: Ofisi na kiwanda kutumia umeme wa jua kunatosha.

Mwongozo wa GHG Protocol, unaotumiwa na kampuni nyingi duniani, hugawa gesi joto katika mawanda matatu: zinazotoka kwenye mitambo na magari ya kampuni, zinazotokana na umeme ulionunuliwa na kampuni, na za mnyororo mzima, kuanzia malighafi hadi mteja anapotumia bidhaa. Kwa kampuni ya mafuta, sehemu kubwa hutoka pale mteja anapoyachoma. Ikiripoti mawanda mawili ya kwanza peke yake, itakuwa imekuonyesha mlango ikaficha nyumba.

Dhana: Cheti cha ISO 14001 kinathibitisha usafi.

Hapana. ISO 14001 ni kiwango cha kimataifa, na cheti chake kinathibitisha kwamba upo mfumo wa kusimamia masuala ya mazingira. Hakiweki ukomo wa tani wala lita.

Dhana: Ripoti ikishakaguliwa, hakuna shaka tena.

Inategemea imekaguliwa vipi. Ripoti nyingi za uendelevu hupewa uhakiki wa kiwango cha chini, ambapo mkaguzi anasema tu kwamba hakuona jambo la kumtia shaka. Hesabu za fedha hukaguliwa kwa kina zaidi. Na mara nyingine uhakiki huo unagusa takwimu chache tu, zilizoorodheshwa kwenye barua ya mkaguzi kurasa za mwisho. Anza kusoma hapo.