Kufanana kwa Maneno si Undugu

Kila ninapofundisha etimolojia ya Kiingereza, yaani asili ya maneno yake, hurudi dai lile lile: kwamba "have" limetokana na "habere" la Kilatini, kwa kuwa yote mawili yana maana ya kuwa na kitu na yanasikika karibu sawa. Si kweli, na nalipinga kwa kirefu kwa sababu tabia ya kuyalinganisha maneno kwa sura zake za leo ndiyo inayoharibu kazi nyingi ninazosahihisha.

Undugu wa maneno huthibitishwa kwa ulinganifu wa sauti unaojirudia. Mwaka 1822, mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alionyesha kwa utaratibu kwamba pale neno la Kilatini linapoanza na sauti k, inayoandikwa c, lugha za Kijerumaniki, yaani ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, huwa na h: pembe ni "cornu" na "horn", mia ni "centum" na "hundred", moyo ni "cor" na "heart". Kwa kanuni hiyo, "have" linadai ndugu wa Kilatini anayeanza na c, naye yupo: ni "capere", yaani kushika au kuchukua, na anayeshika kitu tayari anacho. "Habere" lenyewe kwa kawaida huhusishwa na "give", lenye maana ya kutoa. Anayebisha bado na atazame Kiajemi, ambako "bad" lina maana ile ile ya "bad" la Kiingereza, na hayana undugu wowote.

Wanaosema Kiingereza ni mtoto wa Kilatini wanachanganya mkopo na ukoo. Ni lugha ya Kijerumaniki iliyopokea maneno mengi ya Kilatini, hasa kupitia Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Na "news" si kifupisho cha majina ya pande nne za dunia. Ni wingi wa "new" tu.

Ushauri wangu haubadiliki: anza na umbo la kale zaidi lililoandikwa, kwa kuwa hata tahajia hupotosha. "Island" halikuwa na s katika Kiingereza cha Kale. Herufi hiyo ilichomekwa karne nyingi baadaye na watu waliodhani neno hilo ni ndugu wa "isle", lililotoka kwenye "insula" la Kilatini.