Paipu za breki za ndege ya kujitengenezea: vile tunadanganyana

Ukianza kujijengea ndege ndogo hapa Kisumu mtu wa kwanza utamuuliza habari za paipu za breki ni fundi wa magari kule Kibuye, na si vibaya, anajua kazi, lakini kuna vitu vya gari haviendi na ndege.

Uongo wa kwanza ndio unanisumbua zaidi. Ati paipu ya naironi iko sawa bora ihimili presha. Jameni, presha si shida sana, shida ni moto! Ukitua ukashika breki kwa nguvu diski inachemka, halafu ukishasimama upepo wa kupoza haupo tena na joto lote linahamia kwa kalipa, kile kibano kinachobana diski, mbaya zaidi kama gurudumu umelifunika na kava ya faiba. Naironi hapo inalainika, inafura, inapasuka, na ile oili nyekundu ya breki za ndege, 5606, imetokana na mafuta ghafi, mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 82 hivi za Selsiasi, sasa imwagikie diski uone. Naironi iache mbali na gurudumu. Kwa kalipa weka hozi ya teflon iliyosukwa stenlesi nje, hio inavumilia mpaka nyuzi 230 hivi.

Wengine husema alumini ni alumini. Hapana, alumini ina aina zake, ya breki ni ile inaitwa 5052-O, ile 3003 ni laini zaidi. Na hata hio 5052 ifunge na klempu isitikisike, manake mguu wa ndege unapinda kila ukitua, alumini ikipindwapindwa inachoka na kufanya ufa. Penye kupinda ni hozi tu.

Shaba? Rahisi kukunja ndio, lakini mtetemo unaifanya ngumu mpaka ikatike. Wachana nayo.

Halafu fleya, ule mdomo wa paipu unaopanuliwa. Ya gari ni digrii 45, ya ndege digrii 37, na kuna saizi nyuzi za nati zinaingiana kabisa, kwa hivyo unakaza unaona imeshika kumbe ndani mdomo umegusa kamstari kembamba tu. Itavuja ama ipasuke. Kopa ama nunua kifaa cha 37.

Mwisho, DOT 4, ile oili ya breki za gari, iko kila duka la maspea so watu wanaimwaga tu ndani. Sili za breki nyingi za ndege ndogo ni za mpira wa naitraili na DOT inazifurisha. Ukibadilisha uweke 5606 kwa sili za gari za EPDM, mpira wa aina nyingine, hizo nazo zinaharibika, kwa hivyo jua kwanza masta silinda yako, ile pampu inayosukumwa na pedali, ina sili gani ndio ununue oili.