Mganda wa ngano haukufungwa kwa ajili ya kubebea tu

Wengi hudhani ngano ya zamani iliachwa shambani hadi ikauke kabisa, ikakatwa kwa mundu, kisha ikafungwa miganda, yaani mafungu ya mabua na masuke yake, ili ibebeke. Sivyo. Ngano iliyokauka kupita kiasi hupukutika: ukiigusa tu, punje zinamwagika chini.

Mvunaji aliikata mapema kidogo. Alibonyeza punje kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama bila punje kutoa majimaji meupe, wakati umefika. Bua lilikuwa la manjano, ila unyevu bado umo. Hapo ndipo mganda ulipofanya kazi yake hasa, yaani kukaushia. Miganda kadhaa ilisimamishwa ikiegemeana, masuke juu, upepo upite katikati na mvua iteleze. Ukifunga pamoja na magugu mabichi, umefuga ukungu.

Kamba? Ngano yenyewe: mafungu mawili ya mabua yaliunganishwa kwenye masuke, yakazungushwa, ncha zikasokotwa na kuchomekwa chini ya kifungo. Hata mashine ya kuvunia ya Cyrus McCormick, iliyopata hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1834, ilikata tu. Kufunga kulibaki kazi ya mikono, tena ya kuumiza mgongo.